Hadithi Ambayo Mtoto Anaweza Kuibishia

Mtaala wa Rwanda unaozingatia umahiri, ulioanza kutumika mwaka 2016, una masuala mtambuka 8 ambayo kila somo linatakiwa kuyagusa. Kuna elimu kuhusu mauaji ya kimbari, mazingira na maendeleo endelevu, jinsia, elimu ya ujinsia, matumizi ya fedha, elimu jumuishi, amani na maadili, na lile ambalo wengi hulisahau wakihesabu: utamaduni wa viwango vya ubora. Hakuna la kubezwa hapo. Nchi iliyopita mahali ilipopita Rwanda mwaka 1994 ina kila haki ya kuamua watoto wake wakue wakisikia nini. Kasoro huanza orodha hiyo inapotoka kwenye mtaala, ilikowekwa kwa ajili ya walimu, ikaingia kwenye meza ya mwandishi wa hadithi za watoto na kugeuka ghala la dhamira. Mwandishi huchukua suala moja, akalitafutia mhusika wa kulibeba, kwa kawaida sungura mwema au mtoto mtiifu mno, kisha akamkokota hadi ukurasa wa mwisho ambako bibi, mwalimu au kiongozi wa kijiji hutamka kile kile kilichokuwa kwenye orodha. Mswada hupitishwa. Picha hupendeza. Mtoto husoma mara moja na hatamani kurudia, nasi watu wazima twaanza kulalamika kwamba watoto wa siku hizi hawapendi vitabu.

Mambo haya si ya Rwanda peke yake. Anayezijua rafu za vitabu vya watoto za Dar es Salaam, Kampala au Nairobi anaufahamu mtindo wenyewe: kuna miaka iliyokuwa ya ukimwi, ikaja ya haki za mtoto, sasa ni ya mabadiliko ya tabianchi, na hadithi zimekuwa zikivuliwa vazi moja na kuvikwa jingine huku mwili ukiwa ule ule. Hoja yangu ni kwamba dhamira yenye nguvu haipimwi kwa ukubwa wa neno linaloitaja. Hupimwa kwa swali ambalo mtoto tayari analo na hajapata wa kumjibu. Na hadithi inayomwachia nafasi ya kubisha, ya kusema huyu mhusika amekosea au mimi nisingefanya hivyo, humjenga kuliko hadithi iliyokwisha kumjibu kabla hajauliza. Wahariri wengi na wafadhili wao hawaamini hivyo. Wanaona hatari katika hadithi isiyotoa funzo wazi. Lakini ushahidi uliopo hauwaungi mkono, na sehemu yake muhimu ilikusanywa humu humu Rwanda.

Tuchukue Kagugu, katika sekta ya Kinyinya, wilaya ya Gasabo, kaskazini mwa Kigali. Hapa ipo shule ya Kagugu Catholique, miongoni mwa shule zenye wanafunzi wengi kuliko zote nchini, wanaohesabiwa kwa maelfu. Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii Kagugu ilikuwa miongoni mwa shule za mwanzo kupokea zile kompyuta ndogo za kijani za mpango wa kumpa kila mtoto kompyuta yake. Vifaa vilitangulia, hadithi za kuwekwa ndani yake zikabaki kuwa jambo la baadaye. Hapa pia ndipo ilipo Batsinda, ambako mwaka 2008 zililetwa familia zilizohamishwa kutoka katikati ya jiji, kwenye mtaa uliokuwa ukiitwa Kiyovu cha maskini. Waliokuwa watoto wakati ule ni watu wazima sasa, na wapo walio wazazi. Nyumba mpya zilikuwa na kuta imara, lakini kibarua na wateja wa mama vilibaki mjini, mbali. Mtoto aliyehama hivyo amepata kitu na kupoteza kitu kwa siku moja, na hakuna mtu mzima anayemwambia kwamba anaruhusiwa kuhisi vyote viwili. Nimejaribu kufikiri ni suala gani kati ya yale 8 lingebeba hadithi yake. Mtaalamu wa mitaala angesema mazingira, au amani na maadili. Mtoto mwenyewe angesema: rafiki yangu wa kule nitamwona lini?

Maswali ya namna hiyo yamejaa tele Kagugu kwa anayesikiliza. Tangu uamuzi wa mwaka 2019, Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia kuanzia darasa la kwanza, na nyumbani watu wanaongea Kinyarwanda. Hivyo mtoto wa miaka 7 anaweza kujua jambo ambalo mama yake hajui, akaona fahari na aibu kwa pamoja. Shule zenye wanafunzi wengi hugawa siku kwa zamu, asubuhi na mchana, na anayesoma zamu ya mchana ndiye anayeachiwa mdogo wake asubuhi. Halafu kuna chakula cha shuleni. Tangu Septemba 2022 mchango wa mzazi wa shule ya msingi ya serikali umewekwa kuwa faranga 975 kwa muhula. Kwa mwandishi wa hadithi, kiasi hicho kina faida moja kubwa: mtoto anaweza kukishika mkononi. Ni sarafu 9 za mia, moja ya hamsini, moja ya ishirini na moja ya tano.

Tuandike basi hadithi ya 975 kwa njia mbili. Ya kwanza inatoka kwenye orodha, chini ya elimu ya matumizi ya fedha. Mtoto anapewa sarafu na shangazi yake, anashawishika kununua peremende, anakumbuka alivyofundishwa kuhusu akiba, anaweka kibubuni, na mwisho wa muhula analipa mchango wake mwenyewe huku darasa zima likimpigia makofi. Hakuna kosa katika hadithi hii, na hakuna uhai pia, maana tangu sentensi ya tatu kila msomaji anajua inakokwenda. Katika njia ya pili mtoto yule yule ana sarafu zile zile, na mama amemwambia zisiguswe, ni za daftari. Mwenzake wa dawati moja hajalipiwa, na tangu juzi amekuwa akijifanya hana njaa. Sasa kuna mambo mawili mema yanayogombana: kumtii mama na kumsitiri rafiki. Na kuna la tatu, gumu zaidi: je, rafiki mwenyewe anataka kusitiriwa, au ataona amefedheheshwa? Ukiisoma hadithi hii mbele ya watoto wa darasa la nne, wengine watasema ampe, wengine watasema mama kwanza, na mmoja atauliza kwa nini asimwambie mama tu. Dhamira imekwisha kupatikana, na neno ukarimu halijatamkwa hata mara moja. Suala la fedha limo ndani yake, tena kwa undani kuliko kwenye kibubu, kwa kuwa mtoto ameona fedha inafanya nini kati ya watu.

Hoja hii ina ushahidi wa aina mbili, na nitautaja pamoja na mipaka yake. Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na Kang Lee wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha watoto zaidi ya 250 wenye umri wa miaka 3 hadi 7. Mtoto aliketishwa akiwa amekipa mgongo kitu cha kuchezea, akatakiwa akikisie kwa sauti yake tu. Mtafiti akatoka kidogo chumbani baada ya kumwonya asigeuke. Wengi walichungulia, kama ilivyotarajiwa. Mtafiti aliporudi alimsomea mtoto hadithi moja, kisha akamuuliza kama alichungulia. Kulikuwa na hadithi ya Pinocchio ambaye pua yake hurefuka akidanganya, na ya mvulana aliyepiga mayowe ya uongo kwamba mbwamwitu amekuja hadi siku alipokuja kweli, na ya George Washington mdogo aliyekiri kwa baba yake kwamba ndiye aliyekata mti, akasifiwa kwa kusema kweli. Zote tatu zinahusu ukweli. Za kwanza mbili, zenye adhabu na fedheha, hazikuwafanya watoto wakiri zaidi ya wale waliosomewa hadithi isiyohusu ukweli hata kidogo. Ya Washington iliwafanya. Watafiti walipoibadilisha ili asipokiri apatwe na ubaya, nguvu yake ikatoweka.

Kwa wanaochagua dhamira kwa kutazama orodha, matokeo haya ni pigo. Suala lilikuwa moja katika hadithi zote tatu, na bado mbili hazikufanya kazi. Kilicholeta tofauti ni kwamba katika moja mtoto alionyeshwa jambo gumu likifanyika na mwenzake akabaki mzima, ilhali katika nyingine alionyeshwa tu kwamba mwongo hukiona cha moto, habari ambayo kila mtoto wa miaka 5 anayo na haijawahi kumzuia. Hata hivyo jaribio hili halithibitishi kila nilichosema. Hadithi ya Washington nayo ina jibu tayari, na wanahistoria wanaona kisa chenyewe ni cha kubuni, jambo lenye kichekesho chake kwa hadithi ya kufunza ukweli. Dai kwamba nafasi ya kubisha ina faida linahitaji ushahidi mwingine.

Ushahidi huo umetoka kwenye redio. Mwaka 2004 mchezo wa kuigiza uitwao Musekeweya ulianza kurushwa na Radio Rwanda, ukitayarishwa na shirika la Radio La Benevolencija. Ni habari ya vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro, vinavyogombana juu ya ardhi wakati wa shida, kimoja kikakishambulia kingine kwa uchochezi wa kiongozi mwenye tamaa, huku kijana wa kijiji kimoja na binti wa kijiji cha pili wakipendana. Mtafiti wa Marekani, Elizabeth Levy Paluck, aliwafuatilia kwa mwaka mmoja wasikilizaji wa mchezo huo katika jamii mbalimbali za Rwanda, akiwalinganisha na wengine waliosikiliza mchezo wa redio kuhusu afya. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2009 yanafaa kusomwa na kila anayeandika kwa nia ya kufunza. Ule ujumbe wa moja kwa moja, maelezo ya chanzo cha chuki na ukatili, haukubadilisha sana kile watu walichoamini. Kilichobadilika ni walivyoona yapi yanakubalika katika jamii yao: kuoana na watu wa upande mwingine, kuaminiana, kusema wazi pale usipokubali.

Sehemu inayonivutia zaidi katika utafiti ule ni ndogo sana. Mwishoni kila kikundi kilipewa zawadi ya redio ya kaseti pamoja na kanda na betri, wakaachwa waamue wenyewe vitatunzwaje. Waliosikiliza mchezo wa afya walielekea kumaliza upesi: akabidhiwe kiongozi wa mtaa. Waliosikiliza Musekeweya walijadiliana, wakapingana, wakapendekeza namna ya kuvitunza pamoja. Katika nchi ambamo utiifu usiouliza uliwahi kutumika kuua watu, kikundi cha wanakijiji kinachobishana juu ya betri si jambo dogo. Hawakuambiwa na mtu yeyote wabishane. Walikuwa wamesikiliza mwaka mzima habari za watu wa kubuni wanaobishana, wengine wakikataa kumfuata kiongozi wao. Kweli, wasikilizaji wale walikuwa watu wazima, na kuhamisha matokeo yao hadi kwa mtoto wa darasa la tatu kunahitaji tahadhari. Lakini ikiwa mahubiri hayakugeuza imani za watu wazima waliokuwa na kila sababu ya kuyasikiliza, sioni kwa nini tuyategemee kwa mtoto ambaye akili yake iko kwenye mpira.

Pingamizi la kwanza hutoka kwa watetezi wa mapokeo, na lina heshima yake. Wanasema: wazee wetu walisimulia jioni, kila ngano ilikuwa na funzo, na watoto wakakua na adabu, hivi vitabu vya maswali yasiyo na majibu ni vya wageni. Nadhani hawazikumbuki ngano zenyewe vizuri. Bakame, sungura wa Rwanda, hana adabu. Hudanganya, huiba, humponza fisi na kumwacha alipe gharama, na mara nyingi huondoka salama. Abunuwasi, ambaye hekaya zake zimesomwa na vizazi vya wasomaji wa Kiswahili, huwatapeli matajiri na wafalme bila haya. Watoto hawakuzipenda habari hizi kwa sababu zilifunza uaminifu. Walizipenda kwa sababu zilibeba swali ambalo kila mtoto anaishi nalo: mdogo afanye nini mbele ya mkubwa mwenye nguvu zote? Au chukua kisa cha Ndabaga, binti wa baba asiye na mtoto wa kiume, aliyejifunza silaha na kuruka kama wavulana ili akashike nafasi ya baba yake mzee katika utumishi wa mfalme. Wajibu unamsukuma upande mmoja, desturi inamzuia upande wa pili, na msikilizaji halali kabla hajajua itakuwaje. Huko nyuma, dhamira kali zilikuwa za nyumbani kabisa.

Na zile ngano zilizokuwa na funzo safi lisilo na mjadala, nazo tuzitazame. Kipo kisa cha maziwa, kinachosimuliwa kwa namna mbalimbali lakini kiini chake ni kimoja: wana watatu, Gatwa, Gahutu na Gatutsi, wanapewa kila mmoja chombo cha maziwa akilinde usiku kucha. Kulipokucha mmoja alikuwa ameyanywa, wa pili amesinzia akayamwaga, wa tatu amekesha na maziwa yake yapo yote. Hukumu ikatolewa, na nafasi za vizazi vyao zikapangwa hapo hapo. Mpe mhariri wa leo kisa hiki bila majina, atakikubali mara moja. Ni kifupi, kina wahusika watatu, kinahimiza uwajibikaji, mtoto anakielewa. Ndani yake hakuna anayeruhusiwa kuuliza kama aliyekunywa alikuwa amelala na njaa, wala mtihani wa namna hiyo ulikuwa wa haki kwa kiasi gani, wala kwa nini kosa la usiku mmoja lirithiwe na wajukuu. Kisa kama hicho kilikuja kutumiwa kuhalalisha ubaguzi, na tunajua ubaguzi huo ulifikia wapi. Silaumu ngano moja kwa maafa ya taifa. Yalikuwa na watu wake, mipango yake na vyombo vyake vya habari. Nasema tu kwamba unadhifu wa funzo si dhamana ya usalama wake. Hadithi inayozoeza mtoto kupokea hukumu bila kuuliza yaweza kubebeshwa hukumu yoyote.

Pingamizi la pili ni zito kuliko yote, hasa Kigali. Dhamira kali huumiza. Mtoto alindwe, mambo ya vifo, kuhamishwa na njaa atayakuta ukubwani. Nakubali nusu. Yapo ya kusubiri umri, na mwandishi anayemtisha mtoto ili aonekane jasiri anastahili kunyang'anywa kalamu. Lakini kumlinda mtoto dhidi ya hadithi hakumlindi dhidi ya habari. Kila tarehe 7 Aprili maombolezo yanaanza, redio inabadilika, watu wazima wanabadilika, na mtoto wa miaka 6 anaona yote hayo. Akikosa hadithi ataunda yake, na aghalabu ile anayoiunda gizani ni ya kutisha kuliko ambayo mwandishi makini angempa.

Namna ya kulikaribia jambo kama hilo ipo, na inaonekana Gisozi, kilima kisicho mbali na Kagugu, kwenye Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari yaliyofunguliwa mwaka 2004. Kuna chumba cha kuwakumbuka watoto waliouawa. Picha ni kubwa, maneno ni machache: jina, umri, chakula alichokipenda, kinywaji, rafiki yake mkubwa, na mwisho jinsi alivyouawa. Mmoja wao alipenda mayai na chipsi. Hakuna hotuba katika mistari ile. Chumba kile hakikukusudiwa watoto wadogo, na mstari wa mwisho si wa kusomewa mtoto wa miaka 6. Hata hivyo mistari inayoutangulia inafundisha kazi ya uandishi kuliko semina nyingi: jambo kubwa humfikia mtoto kupitia jambo dogo lenye ukubwa wake mwenyewe. Anayetaka kuandika juu ya kumpoteza mtu kwa wasomaji wa miaka 8 angeweza kuanza na mayai na chipsi, na kijana ambaye hataki tena kuvila kwa sababu vilikuwa chakula cha dada yake. Kifo hakijaelezwa popote, na hakijafichwa.

Wapo watakaouliza kicheko kitakuwa wapi katika ukali wote huu. Nimekwisha kuwataja Bakame na Abunuwasi, na sina haja ya kurefusha: dhamira yenye nguvu si lazima iwe ya machozi. Hadithi ya mtoto anayejaribu kumfichia bibi yake kwamba amemharibia redio ina hofu, upendo na uongo ndani yake, na inaweza kumvunja mbavu msomaji.

Kuhusu wanyama, niseme kidogo, maana ni mjadala uliofunguliwa na watafiti wa Toronto hao hao. Mwaka 2017 walitoa matokeo yaliyoonyesha kwamba watoto wa miaka 4 hadi 6 waliosomewa hadithi ya kugawana yenye wahusika binadamu waligawana zaidi baadaye kuliko waliosomewa hadithi hiyo hiyo yenye wahusika wanyama. Wengine wakarukia kusema enzi ya sungura imekwisha. Sidhani. Wanyama wa hadithi ile walikuwa binadamu waliovikwa manyoya ili wafundishe kugawana, jambo ambalo Bakame hajawahi kulifanya maishani mwake. Kama nia ni kumwelekeza mtoto tendo fulani, heri umpe mtoto mwenzake wa kumtazama. Kama nia ni kumpa mahali pa kufikiria hila, woga na uonevu bila kumnyooshea mtu kidole, fisi bado ana kazi.

Linabaki pingamizi la fedha, ambalo halitamkwi sana mikutanoni lakini ndilo linaloamua mambo. Nchini Rwanda, kama ilivyo kwa majirani, mnunuzi mkubwa wa vitabu vya watoto si mzazi. Ni serikali na mashirika. Éditions Bakame, iliyoanzishwa na Agnès Gyr-Ukunda mwaka 1995, mwaka mmoja tu baada ya maafa, ilithibitisha kwamba vitabu vya watoto kwa Kinyarwanda vinaweza kutengenezwa kwa ubora uliotambuliwa nje, hata ikapata tuzo ya IBBY-Asahi mwaka 2008. Mpango wa Save the Children wa kukuza vitabu vya watoto vya Rwanda, ulioanza mwaka 2013, ulifundisha waandishi, wachoraji na wachapishaji na kununua nakala zao. Bila jitihada za namna hiyo maktaba nyingi za shule zingebaki na vitabu vya misaada vyenye theluji na mbwamwitu. Kwa hiyo nikisema mnunuzi ndiye anayepinda dhamira, sisemi kwamba aondoke. Mchapishaji mwenye wafanyakazi wa kulipa hawezi kukataa agizo la vitabu vya mazingira, na mwandishi anayelipwa mara moja kwa mswada hana sababu ya kuhangaika na rasimu ya pili.

Lakini masharti ya agizo si amri ya mbinguni. Fomu nyingi za kuwasilisha miswada zina mahali pa kueleza kitabu kinafundisha nini na kinaingia chini ya suala gani. Mahali hapo pabaki. Mnunuzi ana haki ya kujua. Paongezwe pengine: baada ya kumaliza kusoma, watoto watabishana juu ya nini? Mwandishi asiye na la kujaza hapo atakuwa amejua, kabla ya mhariri, kwamba ana suala na hajapata dhamira. Na kabla mswada haujapewa mchoraji, usomwe darasani kwa sauti, bila picha, msomaji akisimama pale mgogoro unapofikia kilele na kuwaacha watoto waseme. Darasa likinyamaza, au likijibu kwa sauti moja, mwandishi arudi mezani, na alipwe kwa rasimu hiyo ya pili. Gharama ni nauli ya mhariri kwenda na kurudi pamoja na asubuhi moja. Kwa upande wa Kagugu, yenye watoto wa zamu mbili, mswada mmoja unaweza kujaribiwa asubuhi, ukarekebishwa wakati wa chakula, na kusomewa darasa jingine mchana huo huo.